Samaki Mdogo Ndani ya Jiwe la Singida

Leo nina ombi kabla ya yote. Kama jikoni kwako kuna sato, au perege, au ngege kama wanavyomwita wenzetu wa Kisumu, mwangalie vizuri kabla hajaingia kwenye mafuta. Mlaze ubavu. Utaona mstari wa vitobo vidogo vidogo juu ya magamba, unaanzia nyuma ya shavu na kuelekea mkiani. Ufuatilie kwa kidole. Hautafika. Utakatika njiani, halafu chini yake, katikati ya ubavu, utaanza mwingine, na huo ndio utakaofika mkiani. Sasa tazama pezi la chini, lile la nyuma karibu na mkia: mbele yake kuna miiba mitatu migumu. Tazama pua: kila upande kitundu kimoja tu, wakati samaki wengi wana viwili kila upande. Na ukimfungua koo, kule ndani kabisa, utakuta kipande cha mfupa chenye pembe tatu, kimejaa meno madogo. Hilo ni taya la pili, taya la kooni.

Kwa nini nakuhangaisha na kitoweo chako? Kwa sababu alama hizo, zikichukuliwa pamoja, ni kitambulisho cha ukoo. Wataalamu wanauita ukoo wa sikilidi. Ndani yake wamo sato na perege, wamo furu wote wa Ziwa Victoria, wamo mbuna wa Ziwa Nyasa, na wamo samaki wengi wa mawe ya Ziwa Tanganyika. Na leo tunamzungumzia ndugu yao wa zamani sana, aliyeishi mkoani Singida miaka takriban milioni 46 iliyopita, akafa, akabaki ndani ya jiwe.

Swali letu la leo ni hili, naomba mlishike: mtu anaanzia wapi kumtazama samaki mwenye urefu wa kidole, aliyebanwa ndani ya mwamba, asiye na nyama wala rangi, kisha akasema, huyu ni spishi mpya, ni tofauti na yule, na jina lake ni hili?

Kwanza mahali penyewe. Panaitwa Mahenge. Nakuona wewe msikilizaji wa Ulanga umeshainua kichwa. Tulia, si Mahenge yenu ya Morogoro, ile yenye vito vya spineli. Hii ni Mahenge ya Singida, katika uwanda wa kati wa Tanzania. Zama hizo, uji wa moto wa miamba ulipanda kutoka kina kirefu sana cha dunia, ukalipuka juu ya ardhi na kuacha shimo. Aina hiyo ya mwamba inaitwa kimbalaiti, ndiyo ileile inayobeba almasi kule Mwadui. Shimo likajaa maji, likawa ziwa dogo, la kuzungukwa kwa miguu asubuhi moja na muda ukabaki.

Sasa ziwa la namna hiyo, dogo kwa upana lakini lenye kina, lina tabia moja. Maji ya juu na maji ya chini hayachanganyiki kwa urahisi. Kule chini hewa huisha. Samaki akifa akazama, hakuna kaa wa kumrarua, hakuna kambare wa kumvuruga, hakuna wimbi la kumtawanya mifupa. Matope laini yanamfunika, tabaka juu ya tabaka, nyembamba kabisa. Ndiyo maana visukuku vya Mahenge vinapendeza hivyo: samaki mzima, kichwa mpaka mkia, mapezi yake na magamba yake. Mahali pengi pengine mtafiti wa samaki wa kale wa Afrika hupata meno mawili, pingili tatu za uti wa mgongo, na kipande cha mfupa asioujua ni wa nani. Mahenge humpa samaki kamili.

Na tumejuaje kwamba ni miaka milioni 46? Ndani ya kimbalaiti kuna punje za madini yanayoitwa zirkoni. Zirkoni inapozaliwa huwa na urani kidogo ndani yake, na urani hiyo hugeuka kuwa risasi, polepole, kwa mwendo unaojulikana. Ukipima urani iliyobaki na risasi iliyozaliwa, unapata umri wa mlipuko. Samaki ni wadogo kidogo kuliko mlipuko, maana shimo lilitangulia, ziwa likafuata.

Walioanza kuyajua mawe hayo hawakuwa wakitafuta samaki. Walikuwa wakitafuta almasi. Mjiolojia mmoja, Mannard, alizichunguza kimbalaiti za Singida kwa makini, na leo kuna popo wa kale wa Mahenge, Tanzanycteris mannardi, anayelibeba jina lake. Ndiyo, popo. Kuna chura pia. Kuna majani ya miti ya jamii ya kunde. Lakini tusipotee, tuko na samaki.

Mtu wa kwanza kuwaandika samaki wa Mahenge kwa utaratibu wa kisayansi alikuwa Mwingereza, Humphry Greenwood. Huyu bwana aliifahamu Afrika Mashariki. Alifanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa uvuvi kule Jinja, Uganda, na sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kuwachambua furu wa Ziwa Victoria, mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1960 akatangaza samaki wa Mahenge aliyemwita Palaeodenticeps tanganikae. Hiyo tanganikae si ziwa, ni nchi. Tanganyika ilikuwa bado haijapata uhuru.

Hapa kuna kisa ambacho napenda sana kukisimulia. Mwaka mmoja tu kabla, 1959, mtaalamu mwingine aitwaye Clausen alikuwa ametangaza samaki hai kutoka mito ya Nigeria, samaki mdogo, binamu wa mbali wa dagaa wa baharini, mwenye kioja kimoja: kichwa chake kimeota vijino kwa nje. Kwenye mashavu, kwenye paji, vijino. Hakuna aliyewahi kumwona samaki wa aina yake. Greenwood akamtazama yule wa jiweni kutoka Singida, akakuta vijino vilevile juu ya kichwa. Sasa niambie: kama yule wa Nigeria asingejulikana, huyu wa Singida angewekwa wapi? Mtu angeviona vile vijino akadhani ni uchafu wa mwamba, au angeviona akakosa pa kumpeleka. Kisukuku hakijiandiki chenyewe. Kinasomwa kwa kulinganishwa na wanaojulikana, na ambaye hajulikani hawezi kulinganishwa na kitu.

Baadaye, mwaka 1967, Greenwood na mwenzake Colin Patterson wakatangaza samaki mwingine wa Mahenge. Wakampa jina la jenasi: Singida. Hivyo hivyo, Singida. Jina kamili Singida jacksonoides. Ndugu zangu wa Singida, mna samaki wa kwenu kwenye vitabu vya dunia nzima, na sina hakika kama shuleni wanawaambia. Huyu yuko kwenye kundi moja pana na samaki wenye ndimi za mifupa wa mito ya Afrika Magharibi na Amerika ya Kusini. Lakini ndani ya kundi hilo amehamishwa hamishwa: waliomwandika walimpa pake, waliofuata wakamsogeza karibu na jamaa huyu, wengine karibu na yule. Samaki ni yuleyule, jiwe ni lilelile. Kinachohama ni hoja.

Basi tuje kwa sikilidi wetu.

Miaka ya 1990 msafara ulioongozwa na Terry Harrison wa Chuo Kikuu cha New York ulirudi Mahenge na kukusanya visukuku vingi zaidi. Samaki waliokusanywa wakamfikia mtafiti wa Kanada, Alison Murray. Ndani yao kulikuwa na samaki wadogo wadogo, wengi, wenye miiba mbele ya pezi la mgongoni na miiba mbele ya pezi la chini. Mwaka 2000 akatangaza jenasi mpya, Mahengechromis, na ndani yake spishi tano. Tano, ndani ya ziwa moja dogo.

Hebu tukae hapa. Tano amezipataje?

Kumbuka alama za sato wako. Mstari wa ubavuni uliokatika, miiba mitatu, pua ya kitundu kimoja, taya la kooni. Sasa mwondoe nyama, mwondoe ngozi, mbane chini ya mwamba kwa miaka milioni 46. Pua imekwenda. Rangi imekwenda. Utumbo, ambao kwa sikilidi una namna yake ya kujikunja, umekwenda. Taya la kooni lipo, lakini limefichwa nyuma ya mifupa ya shavu, na ukilifukua unaharibu shavu. Kwa hiyo unabaki na nini? Unabaki na mifupa inayoonekana, miiba ya kuhesabika, na kama una bahati, magamba yenye vitobo vya ule mstari. Basi.

Kazi inaanza na hadubini na sindano. Punje ya mwamba inaondolewa juu ya mfupa, moja, nyingine, nyingine. Halafu anahesabu. Pingili za uti wa mgongo ni ngapi, na ngapi kati yake zina mbavu? Miiba ya mgongoni mingapi, na vijiti laini vya nyuma yake vingapi? Anapima: kichwa ni sehemu gani ya urefu wa mwili, kina cha mwili ni sehemu gani ya urefu, jicho limekaa wapi. Anachora. Na anapochora haridhiki na picha ya kamera, kwa sababu kamera haijui kutofautisha ufa wa jiwe na mpaka wa mfupa. Mkono unaochora unalazimika kuamua: huu mstari ni mfupa au ni ufa? Mimi naamini kuchora ndiyo nusu ya uelewa, ingawa vijana wenye mashine za kupiga picha za ndani ya mwamba watanicheka.

Akishahesabu, linakuja swali gumu zaidi, na hapa naomba msikilize vizuri. Anao samaki wawili. Mmoja ana fuvu refu, mwingine fuvu fupi. Je, ni spishi mbili? Subiri kwanza. Huenda mmoja ni mtoto na mwingine ni mtu mzima, kwani umbo la kichwa cha samaki hubadilika anapokua. Huenda mmoja ni dume na mwingine jike. Huenda wote ni sawa, ila mmoja alilala vibaya na mwamba ukamkandamiza kichwa kwa pembeni, akawa na fuvu fupi baada ya kufa. Samaki wa jiweni amepigwa pasi kama shati, na shati likipigwa pasi likiwa limejikunja, mkunjo hubaki.

Unaondoaje shaka hizo? Kwa wingi. Ndiyo siri ya Mahenge. Ukiwa na samaki mmoja tu, huwezi kujua kama fuvu fupi ni la spishi au ni la ajali. Ukiwa na wengi, unawapanga kwa ukubwa. Kama wadogo wote wana fuvu fupi na wakubwa wote wana refu, hiyo ni tofauti ya umri, acha. Kama fuvu fupi linaonekana kwa wadogo na kwa wakubwa, na linaonekana kwa waliolala huku na waliolala kule, na kila mwenye fuvu fupi ana pia tofauti nyingine isiyohusiana na fuvu, hapo ndipo unaanza kupumua. Alama moja ni dokezo. Alama kadhaa zinazokwenda pamoja ndizo ushahidi. Narudia, wasikilizaji: alama moja ni dokezo, alama kadhaa zinazokwenda pamoja ndizo ushahidi.

Murray akawapa wale watano majina yao ya pili. Yule aliyepatikana kwa wingi akamwita plethos, yaani umati. Wengine majina yao yanataja maumbo kwa Kilatini na Kigiriki: brachycranium ni wa fuvu fupi, curvifrons wa paji lililopinda, kisha rotundus na ellipticus, wa mviringo na wa duaradufu.

Wapo wanaodhani kutoa jina ndiyo kazi. Mtu anapendekeza jina la mkewe, gazeti linaandika, imekwisha. Hapana. Kuna kanuni za kimataifa za majina ya wanyama, zinazoanzia kwenye kitabu cha Linnaeus cha mwaka 1758, na kanuni hizo zinadai mambo. Lazima uchapishe. Lazima ueleze huyu anatofautianaje na wengine. Na lazima umteue samaki mmoja, jiwe moja lenye namba yake, ulitaje liko kwenye makumbusho gani, liwe ndilo mbeba jina. Mimi huliita kielelezo mama. Siku mtu mwingine akisema, mama, hizi spishi zako mbili ni moja, hawagombani kwa maneno. Wanakwenda kabatini, wanavuta droo, wanatazama mawe mawili. Ikionekana ni spishi moja, jina lililotangulia kuchapishwa ndilo linalobaki na jingine linakufa. Kwa hiyo jina la spishi ni dai lililowekwa hadharani, pamoja na kielelezo cha kulipingia. Anayeliandika anawapa wapinzani wake silaha kwa mkono wake mwenyewe. Mimi hilo ndilo linalonivutia katika kazi hii kuliko umri wa miaka milioni.

Sasa tumpeleke samaki wetu nyumbani kwao, kwenye ukoo. Ni sikilidi, sawa, lakini wa tawi gani? Murray alimweka karibu na Hemichromis, samaki wazuri wekundu wa mito ya Afrika, hasa Magharibi. Wengine baadaye wameliona tawi hilo kuwa si imara sana, kwa kuwa alama zinazowaunganisha ni chache. Na hata ukoo mzima umehama nyumba: Murray alipoandika, sikilidi walihesabiwa ndani ya kundi kubwa la samaki aina ya sangara. Kisha vipimo vya DNA vya samaki hai vikaonyesha mpangilio mwingine, na leo wamepewa kundi lao. Mahengechromis hana DNA, imeoza zamani. Amehamishwa na ndugu zake walio hai, yeye amelala zake kwenye droo.

Ni nini basi kilichofanya watu wa mbali wamjali samaki huyu mdogo? Mambo mawili.

La kwanza ni umri. Sikilidi wanaishi Afrika, Amerika ya Kusini, Madagaska, na kusini mwa India pamoja na Sri Lanka. Tazama ramani: hayo ni mabara yaliyokuwa yameshikana zama za kale, kisha yakaachana. Wengi walisema, basi ni rahisi, sikilidi walikuwepo kabla ya mabara kuachana, ardhi ikapasuka wakaenda nayo. Lakini Afrika na Amerika ya Kusini ziliachana miaka kama milioni 100 iliyopita. Kama hoja hiyo ni ya kweli, wako wapi visukuku vya sikilidi wa umri huo? Walio wakongwe kuliko wote wanaojulikana ni hawa wa Singida na wenzao wa Argentina, wenye umri unaokaribiana. Kabla ya hapo, kimya. Mwaka 2013 kundi la watafiti likiongozwa na Matt Friedman likaunganisha ushahidi wa visukuku na wa vinasaba, likahitimisha kwamba sikilidi walizaliwa baada ya mabara kuachana, kwa hiyo mababu zao walilazimika kuvuka maji ya chumvi. Mjadala haujafungwa. Lakini kila anayeufungua lazima ataje Mahenge, maana hapo ndipo saa inapotegewa.

La pili ni ile tano. Mnajua sifa ya furu wa Ziwa Victoria: mamia ya spishi zilizotokana na mababu wachache, kwa kasi inayowashangaza wanabiolojia. Kule Kameruni, Ziwa Barombi Mbo, ziwa la shimo la volkeno kama la Mahenge, lina sikilidi 11 wasiopatikana kwingine popote. Murray, katika makala yake ya mwaka 2001, akasema: tazameni, hata miaka milioni 45 iliyopita walikuwa wakifanya hivyohivyo. Ziwa dogo, jenasi moja, spishi tano. Tabia ya kugawanyika ndani ya ziwa si ya jana.

Ni hoja nzuri, nami naipenda. Lakini nina shaka zangu, na nadhani ni haki kuziweka mezani. Ili useme watano hawa walizaliwa ndani ya ziwa hilo, lazima uonyeshe kwamba hawakuwepo nje yake. Na nje yake hatuna kitu. Mito na mabwawa ya jirani ya zama hizo hayakutuachia mawe. Tena ndani ya ziwa lilelile kuna wale wenye vijino kichwani, kuna kambare, kuna jamaa wa samaki wa mitoni. Hao waliingiaje? Kama mlango ulikuwepo kwao, ulikuwepo pia kwa sikilidi.

Halafu kuna shaka ya upande wa pili, nayo inanipeleka Mwanza. Kwenye visiwa vya mawe vya Ghuba ya Mwanza wapo furu wawili. Mmoja jina lake la kisayansi ni Pundamilia pundamilia, mwingine ni Pundamilia nyererei. Ndiyo, nyererei, kwa heshima ya Mwalimu. Aliandikwa mwaka 1985. Dume la yule wa kwanza lina rangi ya bluu na kijivu. Dume la nyererei lina mgongo mwekundu na ubavu wa manjano. Majike yao wanatambuana na madume yao kwa rangi, na maji yakichafuka mpaka rangi zisionekane, wanachanganyikana. Sasa wafikirie hao wawili wamezikwa kwenye tope, wamekuwa jiwe. Rangi zimekwenda. Mifupa yao inakaribiana mno. Mtafiti wa miaka milioni 46 ijayo, aliye makini, mwenye hadubini nzuri, atawapanga kwenye droo moja na kuwapa jina moja. Na hatakuwa amekosea kwa ushahidi alio nao.

Mnaona ilipo tofauti? Spishi ya furu hai ni samaki wanaochaguana. Spishi ya jiweni ni samaki wanaofanana mifupa. Tunaziita kwa neno moja, lakini si kitu kimoja. Kwa hiyo wale watano wa Mahenge, mimi nawachukulia kuwa ni watano wa mifupa. Ziwani huenda walikuwa wengi zaidi, wakitofautiana kwa rangi ambazo hatutaziona kamwe. Au huenda mtu atafungua droo kesho aonyeshe kwamba wawili kati yao ni spishi moja. Yote mawili yanawezekana kwa wakati mmoja.

Na furu wenyewe wametupa somo la uchungu katika jambo hilihili. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, miaka ya 1980 akaongezeka kupita kiasi, na spishi nyingi za furu zikatoweka. Baadhi yao zilikuwa na jina la utani tu kwenye madaftari ya watafiti, hazijawahi kuandikwa rasmi, hazina kielelezo mama. Samaki aliyekufa juzi, machoni petu, hana karatasi. Samaki wa Mahenge anayo.

Kati ya Mahenge na leo kuna pengo kubwa, lakini linaanza kuzibwa, na linazibwa Kenya. Vilima vya Tugen, kule Baringo, vina matabaka ya maziwa ya kale yenye umri wa kati ya miaka milioni 9 na 13. Mwaka 2017 watafiti wakiwa na Bettina Reichenbacher wa Munich walimtangaza sikilidi wa huko, Tugenchromis pickfordi. Huyu ana mchanganyiko: alama hii ya jamaa wa Ziwa Tanganyika, alama ile ya jamaa wengine, zimekaa kwenye mwili mmoja. Ndivyo unavyotegemea babu awe, kabla wajukuu hawajagawana urithi. Tangu hapo wametangazwa wengine kutoka vilima hivyohivyo, na kila mmoja anapitia mlango uleule: sindano, kuhesabu, kupima, kuchora, kielelezo mama, kisha wapinzani.

Kabla sijawaaga, watu wengi wangependa kuuliza, nami nikiokota jiwe lenye samaki nifanyeje? Usilisugue kwa brashi, usilipake mafuta wala vanishi ling'ae, kwa kuwa magamba ndiyo ya kwanza kutoka. Andika ulipolipata, kijiji, korongo, tabaka, maana jiwe lisilojulikana lilikotoka halina umri. Usiliuze, Tanzania na Kenya zote zina sheria zinazolinda visukuku. Lipeleke kwa maofisa wa mambo ya kale au makumbusho. Na jambo moja watu hulisahau. Jiwe la namna hii likipasuka, hupasuka katikati ya samaki, ukapata bapa mbili. Moja ina samaki anayeonekana vizuri, ya pili ina alama hafifu, na watu huitupa ile ya pili. Usiitupe. Mara nyingi mwiba uliokosekana kwenye bapa ya kwanza umebaki umeng'ang'ania kwenye ya pili, na kama ulivyosikia leo, mwiba mmoja unaweza kuwa ndio hesabu yote. Zifunge pamoja kwenye kitambaa kimoja.

Juma lijalo, saa hizihizi, tutakuwa na mazungumzo kuhusu magamba: namna mtaalamu anavyosoma umri wa samaki hai kwa pete zilizo juu yake. Kwaherini kwa sasa.